Presha ya puto haipimwi kwa vidole

Saa moja na nusu asubuhi zamu ya usiku inakabidhi kazi kwa zamu ya asubuhi. Muuguzi anasimama kando ya kitanda, chati mkononi, anasoma: presha ya damu 110 kwa 70, mapigo 96, oksijeni asilimia 95, joto 37.8, mkojo mililita 400 tangu saa mbili usiku, makohozi yamenyonywa mara nne, mazito, ya njano. Anaeleza mashine ya kupumulia ilivyowekwa. Kisha wote wanahamia kitanda cha pili. Katika miaka yangu ya kazi kwenye wodi za wagonjwa mahututi nimesikia ripoti za namna hii zisizo na idadi. Zilizotaja presha ya puto la tyubu ni za kuhesabu.

Puto lenyewe liko ndani ya mwili na hakuna anayeliona. Mgonjwa asiyeweza kujipumulia hupitishiwa tyubu mdomoni, ikavuka nyuzi za sauti na kuingia kwenye koo la hewa. Karibu na ncha ya tyubu hiyo pana puto la plastiki nyembamba. Likijazwa hewa, linaziba nafasi iliyobaki kati ya tyubu na kuta za koo, ili pumzi ya mashine ifike mapafuni bila kurudi juu, na ili mate, makohozi na yanayopanda kutoka tumboni yasiteremke hadi mapafuni. Kutoka kwenye puto hilo unatoka mrija mwembamba hadi nje ya mdomo, na mwisho wake una kiputo kidogo chenye vali. Hicho ndicho tunachokigusa. Tunakibonyeza kwa kidole gumba na cha shahada, tunaona kimejaa kiasi, tunasema "iko sawa", tunaendelea na mengine.

Nataka tusimame hapo kwenye "iko sawa", kwa sababu mara nyingi haiko sawa, na anayelipa ni mtu aliyelazwa usingizi, asiyeweza kusema kwamba koo linamuuma.

Kiwango kinachofuatwa karibu kila mahali kwa mtu mzima ni sentimita 20 hadi 30 za maji. Kwa asiyekizoea kipimo hiki, sentimita 30 za maji ni mgandamizo wa maji yaliyosimama kwenye mrija kwa kimo cha rula ya mwanafunzi. Ni kidogo mno. Vidole vyetu, vilivyofunzwa kubonyeza embe na nyanya sokoni, vinaweza kutofautisha kigumu na laini, lakini havina namna ya kutofautisha 28 na 48. Na kwa koo la mgonjwa, kati ya 28 na 48 kuna tofauti ya tishu inayopata damu na tishu inayokaribia kukosa.

Hilo halikukisiwa. Mwaka 1984 watafiti wawili, Seegobin na van Hasselt, walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza matokeo ya kuchungulia kwa kamera ndani ya makoo ya wagonjwa 40 waliowekewa tyubu. Walipandisha presha ya puto hatua kwa hatua na kutazama rangi ya ukuta wa koo. Ilipovuka 30, utando juu ya pete za gegedu ulianza kupauka, dalili kwamba damu inapungua. Ilipofika 50, damu ilikatika kabisa mahali hapo. Hesabu yetu ya 30 kama mpaka wa juu inategemea sana macho ya watu hao wawili. Nimekuwa nikiwaeleza wauguzi wapya jambo hili kwa mfano wa kidonda cha mgongoni, ambacho kila muuguzi anakijua. Tunamgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili kwa kuwa tunajua ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu na kufa. Puto lililojaa kupita kiasi linatengeneza kidonda kile kile, ila hili linabana kutoka ndani, mahali ambapo hakuna anayemgeuzia mgonjwa shuka na kukuta wekundu.

Historia ya puto hili inaeleza kwa nini tuko hapa. Wamarekani wawili, Arthur Guedel na Ralph Waters, ndio waliolieneza mwaka 1928. Guedel alijaribu puto lake kwa mbwa, akamlaza kwa dawa ya usingizi, akamwekea tyubu yenye puto, kisha akamzamisha mzima ndani ya tangi la maji mbele ya madaktari wenzake. Maji hayakuingia mapafuni. Mbwa alitolewa, akazinduka, akajikung'uta. Mbwa huyo aliitwa Airway, jina lenye maana ya njia ya hewa. Mwaka 1952, Copenhagen ilipofurika watoto na vijana waliopooza kifua kwa polio, daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alimwekea msichana wa miaka 12 tyubu yenye puto kupitia tundu la shingoni, akampumulisha kwa kubonyeza mfuko wa mpira. Msichana akaishi. Baada ya hapo wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana usiku na mchana kubonyeza mifuko, na vifo vikapungua mno. Wodi ya wagonjwa mahututi tunayoijua leo ilizaliwa pale, na puto lilikuwepo siku ya kwanza.

Lakini maputo ya zama hizo yalikuwa ya mpira mgumu, madogo, yenye kuhitaji presha kubwa ndipo yazibe. Watu waliopona ugonjwa walianza kurudi hospitali koo la hewa likiwa limesinyaa. Mwaka 1969 huko Boston, Joel Cooper na Hermes Grillo walichunguza makoo ya wagonjwa waliofariki wakiwa na tyubu na kuonyesha kwamba madhara yalipangika sawasawa pale puto lilipokuwa likikaa: kwanza utando unawaka, kisha unachubuka, kisha gegedu linabaki wazi na kuoza. Kazi yao ndiyo iliyosukuma kutengenezwa kwa maputo tuliyonayo sasa, mapana na laini, yanayoziba kwa presha ndogo.

Tatizo ni kwamba puto laini lina ulaini wake mpaka pale linapojaa. Ukilisukumia hewa zaidi ya hapo, plastiki inakaza na linageuka kuwa lile lile la mpira la mwaka 1960. Mililita mbili za ziada kutoka kwenye bomba la sindano zinatosha kuondoa faida yote ya miaka zaidi ya hamsini. Nimewahi kumwona mwenzangu akichota mililita kumi kamili na kuzisukuma zote kwa mkupuo, kwa kuwa bomba lililokuwa mezani lilikuwa la kumi. Hakuwa mzembe, hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyofundishwa mimi.

Mgonjwa anayeumizwa kwa njia hii ni mgumu kumwona, na ndiyo sababu suala lenyewe halipati sauti. Anatolewa tyubu, anashangiliwa na ndugu, anaruhusiwa. Wiki kadhaa baadaye, pengine miezi, anaanza kukosa pumzi akipanda ngazi au akichota maji. Akivuta pumzi panasikika mluzi. Anakwenda kituo cha afya, anaambiwa ni pumu, anapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Haimsaidii. Anarudi, anaongezewa nyingine. Pumu hufanya kifua kilie hasa mtu anapotoa pumzi, na mluzi wake husambaa kifuani kote. Koo lililosinyaa hulia mtu anapovuta pumzi ndani, na sauti inatoka shingoni. Anayemsikiliza mgonjwa kwa utulivu anaweza kutofautisha. Ila swali ambalo lingefungua mlango haliulizwi: je, uliwahi kulazwa ukawekewa mashine ya kupumulia? Wodi iliyomwokoa haijui kamwe yaliyompata, na jina lake halihesabiwi popote kama madhara ya puto.

Upande wa pili ni puto lililopwaya. Huku madhara huja haraka na tunayaona kila wiki, tunayaita kwa jina jingine. Mate yanayokusanyika juu ya puto yamejaa vijidudu vya mdomoni na vya wodini. Presha ikishuka chini ya 20, yanateremka kidogo kidogo, tone kwa tone, bila mgonjwa kupaliwa wala kukohoa kwa kuwa amelazwa kwa dawa. Siku ya nne au ya tano homa inapanda, makohozi yanabadilika rangi, picha ya kifua inaonyesha wingu jipya. Mwaka 1996 timu ya Jordi Rello huko Barcelona iliripoti kwamba presha ya puto iliyokaa chini ya 20 iliambatana na hatari kubwa zaidi ya nimonia kwa wagonjwa ambao hawakuwa kwenye dawa za kuua bakteria. Katika wodi zetu nimonia ya aina hii mara nyingi ni ya vijidudu sugu, na familia inaambiwa ikatafute dawa ya bei kubwa kwenye duka la nje. Nimewaona ndugu wakichanga, simu ikizunguka kijiji kizima. Hakuna aliyewaambia kwamba huenda usiku wa Jumanne puto lilikuwa 12.

Ni lazima niseme kwa haki kwamba hata puto lenye presha sahihi haliwi kizuizi kamili. Yale mapana ya plastiki ya kawaida yakijazwa hufanya mikunjo midogo, na kwenye mikunjo hiyo majimaji hupata njia. Kwa hiyo kuinua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45, kusafisha kinywa na kunyonya mate kabla ya kugusa hewa ya puto vinabaki palepale. Presha ni kitasa kimoja kwenye mlango wenye vitasa kadhaa. Ninakishikilia hiki kwa sababu ndicho pekee ambacho tumeamua kukikagua kwa kubahatisha.

Kubahatisha kwenyewe kumepimwa, tena si mbali. Katika Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Mulago, Kampala, Fred Bulamba na wenzake waligawa wagonjwa 178 wa upasuaji katika makundi mawili yaliyolingana. Kundi la kwanza, puto lilijazwa kwa njia tuliyoizoea, ya kubonyeza kiputo cha nje. Kundi la pili walitumia bomba la sindano la plastiki lenye msukumio mwepesi sana, lile ambalo wataalamu wa usingizi hulitumia kutafuta nafasi ya kuweka ganzi ya mgongoni. Ukiliunganisha na kiputo na kuliachia, hewa iliyozidi inausukuma msukumio urudi wenyewe hadi pande mbili zilingane. Kisha presha zote zikapimwa kwa kipimo halisi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: kwa vidole, waliokuwa ndani ya 20 hadi 30 walikuwa asilimia 22.5. Kwa bomba jepesi, asilimia 66.3.

Itazameni namba ya kwanza. Kwa watu waliosomea kazi hiyo, ndani ya chumba cha upasuaji chenye mwanga, mgonjwa mmoja mbele yao, vidole vilikosea kwa karibu wanne kati ya kila watano. Sasa fikiria muuguzi mmoja mwenye vitanda vitatu au vinne, saa tisa usiku. Na namba ya pili nayo inanifundisha kitu: kifaa cha bei ndogo, kisicho na umeme wala betri, kilichokuwa tayari kwenye kabati la chumba cha usingizi, kiliongeza usahihi karibu mara tatu. Bado mmoja kati ya watatu alibaki nje ya mpaka, kwa hiyo bomba hilo si mbadala wa kipimo. Lakini anayesema hana uwezo wa kufanya chochote mpaka bajeti ipite, Mulago imemjibu.

Kuna mahali pamoja ambapo vidole vinadanganya zaidi kuliko kwingine kote, nako ni angani. Tangu Madaktari Wanaoruka wa Afrika Mashariki, ambao leo ni Amref, walipoanza mwaka 1957, wagonjwa mahututi wa ukanda huu wamekuwa wakisafirishwa kwa ndege ndogo kwenda Nairobi na miji mingine mikubwa. Hewa iliyofungwa ndani ya puto hutanuka ndege inapopanda, kwa kuwa hewa ya nje inapungua nguvu. Kwenye kabati ya ndege iliyosawazishwa kama kimo cha futi 8,000, hewa ile ile inataka nafasi zaidi kwa theluthi moja kuliko pwani. Koo la hewa halina theluthi ya ziada ya kutoa, hivyo presha inaruka juu ya mpaka ndani ya dakika chache. Na Nairobi yenyewe iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mgonjwa aliyejaziwa puto Mombasa au Dar es Salaam hafiki Nairobi na presha aliyoondoka nayo hata kama ndege ingetua salama salimini. Na anayetoka Nairobi kuja pwani atashuka puto likiwa limenywea. Wahudumu wa ndege za wagonjwa wanalijua hili na wanapima njiani. Ninaowaomba ni sisi tunaowapokea na kuwakabidhi: pima kabla hajaingia kwenye gari la kwenda uwanjani, na pima tena anapoguswa na godoro la wodi yako.

Sasa kuhusu mashine. Zipo zinazoungwa kwenye kiputo na kulinda presha muda wote bila mkono wa mtu. Mwaka 2011, Saad Nseir na wenzake huko Lille, Ufaransa, walizijaribu kwa wagonjwa 122 na kupata kwamba nimonia iliyothibitishwa maabara ilikuwa asilimia 9.8 kwa waliolindwa na kifaa, dhidi ya 26.2 kwa wengine. Habari hiyo ilisambaa, na wauzaji waliibeba. Lakini majaribio makubwa zaidi yaliyofuata hayakuirudia. Utafiti wa Ufaransa kwa wagonjwa 434 wa ajali, uliochapishwa mwaka 2021, haukuona nimonia ikipungua. Mwaka uliofuata ukaja wa Vietnam, wagonjwa wapatao 600, wengi wao wakiwa na magonjwa tunayoyajua na huku kwetu, pepopunda ikiwemo. Wao walilinganisha mashine inayosawazisha muda wote na wauguzi wanaopima kwa mkono kwa vipindi. Maambukizi ya njia ya hewa yalikuwa sawa pande zote mbili.

Wapo wanaousoma utafiti wa Vietnam kama ushahidi kwamba presha ya puto haina uzito. Mimi nausoma kinyume. Kundi la kulinganishwa pale halikuwa la vidole. Walikuwa wauguzi wenye kipimo mkononi na ratiba ukutani, na walifanya vizuri kama mashine. Kwa nchi kama zetu hii ni habari njema kuliko ile ya Lille, maana inatuambia tusihangaike kutafuta kifaa cha kisasa kwa kila kitanda. Ipo hoja nyingine yenye nguvu zaidi, kwamba kupima mara nyingi mno nako hakujathibitika kupunguza nimonia, na kwamba kila ukiunganisha kipimo unaiba hewa kidogo kutoka kwenye puto. Hoja hiyo naikubali. Sidai wapime kila saa. Nadai mara moja tyubu inapowekwa, mara moja kila zamu, na kila mgonjwa anapogeuzwa, anaposafirishwa au tyubu inapohamishwa upande wa mdomo. Na hata nimonia ingewekwa kando kabisa, bado kuna koo la mtu la kulindwa dhidi ya presha ya 60, na kwa hilo hakuna mashine wala utafiti unaosema vidole vinatosha.

Kuibiwa hewa huko kunastahili neno, kwa sababu ndiko kunakowakatisha tamaa wanaoanza kupima. Mrija wa kipimo una nafasi yake ndani. Ukiuunganisha ukiwa mtupu, hewa ya puto inakimbilia humo, na unachosoma ni kidogo kuliko kilichokuwepo. Dawa yake ni kuujaza mrija kwanza, kipimo kisome 25 hivi kabla hakijagusa kiputo. Na ukimaliza, usichomoe polepole vali ikabaki wazi.

Ambako kipimo maalumu hakipo, nimeona na nimetumia njia ya pili: saa ya mashine ya kawaida ya kupimia presha ya damu, ikaungwa na kiputo kwa koki ya njia tatu, na bomba la sindano kwenye mdomo wa tatu. Inafanya kazi. Ila ina mtego unaoweza kumdhuru mgonjwa. Saa hiyo husoma milimita za zebaki, na milimita moja ya zebaki ni sawa na sentimita 1.36 za maji. Anayekumbuka "20 hadi 30" bila kukumbuka kipimo atapeleka mshale kwenye 30 na kumwachia mgonjwa presha ya sentimita 41. Kwenye saa ya presha ya damu mpaka salama ni 15 hadi 22. Tulichofanya sehemu moja ni kubandika plasta nyekundu kwenye kioo cha saa, upande wa juu ya 22, na kuandika kwa kalamu ya wino "PUTO TU". Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena ni kipimo gani.

Jambo jingine ambalo kipimo hufichua na vidole huficha ni puto linalovuja. Unasikia mgonjwa akikoroma kwa majimaji, mashine inalalamika kwamba pumzi inayorudi ni ndogo kuliko iliyotumwa, muuguzi anaongeza hewa, kelele inaisha. Baada ya saa moja inarudi. Anaongeza tena. Ukiwa na namba kwenye karatasi unaona ukweli haraka: presha imesoma 35 na bado inavuja. Hilo puto halijapungukiwa hewa. Huenda tyubu imepanda juu na puto limekaa katikati ya nyuzi za sauti, na kila mililita unayoongeza inaisukuma itoke zaidi. Mgonjwa huyo anahitaji daktari wa usingizi aje kuangalia tyubu iko sentimita ngapi kwenye meno, na anamhitaji sasa. Kuongeza hewa bila kupima kumewahi kuchelewesha simu hiyo, nami nilikuwepo.

Wenzangu wananijibu: mama, tuna upungufu wa watu, oksijeni inakatika, dawa za usingizi hazitoshi, wewe unazungumzia puto? Nawaelewa. Mwezi Mei 2021, utafiti mkubwa wa UVIKO-19 katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa mahututi 3,140, asilimia 48.2 walifariki ndani ya siku 30, zaidi kuliko wastani wa mabara mengine. Baada ya hapo serikali zetu zilinunua. Tanzania ilichukua mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka huo huo, na sehemu yake ikaingia kwenye wodi za wagonjwa mahututi, mitambo ya oksijeni na vifaa. Nafurahi kila ninapoona mashine ya kupumulia mahali ambapo zamani mgonjwa angepewa rufaa ya safari ya siku nzima. Lakini kila mashine mpya ni tyubu mpya, na kila tyubu ni puto. Tuliongeza idadi ya makoo yanayobanwa bila kuongeza idadi ya vipimo. Orodha ya manunuzi inataja mashine, vitanda, monita na pampu za dripu. Kifaa cha kupima puto, kidogo kama cha kupimia upepo wa tairi, hakikutajwa kwenye orodha yoyote niliyopata kuishika.

Upungufu wa watu ndio hasa unaonifanya nisisitize. Mgonjwa anayepata nimonia anakaa kwenye mashine siku zaidi, na siku hizo zote ni za muuguzi yule yule mmoja. Kupima kunachukua chini ya dakika moja.

Kuna pia suala la nani mwenye puto. Mtaalamu wa usingizi ndiye anayeweka tyubu na kujaza hewa. Akishafunga plasta anaondoka kwenda chumba cha upasuaji. Daktari wa wodi anaangalia mapafu na damu. Muuguzi ndiye anayebaki, ila katika wodi nyingi hajakabidhiwa rasmi kwamba presha ya puto ni yake kama joto na mapigo ni yake, na hana ruhusa iliyoandikwa ya kuongeza au kupunguza hewa. Nimeshuhudia muuguzi kijana akijua kabisa kwamba puto limekaza kupita kiasi, akaogopa kulipunguza kwa kuwa "daktari ndiye aliyeliweka". Mganga mkuu akitoa waraka wa nusu ukurasa, suala hilo linaisha siku hiyo: muuguzi apime kila zamu, aweke kati ya 20 na 30, aite akikuta linavuja ilhali presha iko sawa.

Na chati. Chati nyingi za wagonjwa mahututi ninazozijua zina mistari ya vitu zaidi ya ishirini, na hazina mstari wa puto. Kisicho na mstari hakiandikwi, na kisichoandikwa usiku hakisomwi asubuhi. Wodi niliyopo sasa tulichora mstari huo kwa mkono, kwa rula, chini ya mstari wa oksijeni, kabla ya mchapaji kuletewa chati mpya. Wiki ya kwanza tulikuta 70, tukakuta 8, tukakuta kipimo kikigoma kusoma kwa sababu kilikuwa kimefika mwisho. Wagonjwa hao wote, ripoti zao zilisema tyubu iko vizuri.

Jana saa nane usiku tulimgeuza baba wa kitanda cha tatu alalie ubavu wa kushoto. Dada wa zamu alinyonya mate mdomoni, akajaza mrija wa kipimo hadi 25, akauunganisha. Ilisoma 16. Akaongeza hewa kidogo sana, mshale ukapanda hadi 26, akachomoa, akafuta kiputo kwa pamba. Kisha akaandika kwenye mstari wetu wa rula: 16, 26, saa nane, ubavu wa kushoto. Asubuhi alipokabidhi, alivisoma vyote viwili.